Mila zinazobishaniwa Nyanda za Juu Kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya watu wa Rungwe, Kyela, Mbozi, Mufindi, Njombe, Makete na Kilolo, na ya watoto wao walioko Dar es Salaam ambao hupigiwa simu usiku kuambiwa "kuna kikao cha ukoo". Wengi huuliza wakiwa wameshajibiwa nyumbani kwamba ndiyo mila yetu, basi. Mimi ni mtu wa huku na mila zetu nazipenda. Kipimo ninachotumia ni hiki: mzigo wa mila hii anaubeba nani, na je, akisema hapana atasikilizwa?

Baba wa binti anadai ng'ombe ambao sina. Tukifunga ndoa kabla sijamaliza mahari, ndoa itakuwa halali?

Itakuwa halali. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 41, inasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu utaratibu wa mahari haukufuatwa. Hiyo haina maana kwamba mzee wa watu umpuuze. Unyakyusa ng'ombe wa mahari ndio waliounganisha koo mbili, na Uhehe walipeleka ng'ombe na majembe. Siku hizi karibu kila mahali barua ya mshenga inajibiwa kwa orodha ya pesa, blanketi la bibi, koti la babu na mkaja wa mama. Nendeni mkaongee. Wazee wengi hukubali kulipwa kidogo kidogo, tena wapo wanaosema wazi kwamba mahari haiishi, kwa kuwa undugu hauishi.

Mahari inaniumiza pale inapogeuzwa kufuli. Binti anapigwa, anarudi kwao usiku na mtoto mgongoni, kisha baba yake anamwambia, "Ng'ombe tumeshakula, rudi kwa mumeo." Kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Baba anayemrudisha binti kwenye kipigo hana mila ya kujitetea nayo. Wazee wa zamani walikuwa tayari kurudisha ng'ombe ili mtoto wao apone.

Dada yetu amefariki na mume hakumaliza mahari. Wajomba wanataka mazishi yasimame mpaka alipe. Wana haki hiyo?

Hawana. Kama kuna deni, linadaiwa kwenye kikao au Mahakama ya Mwanzo, na mwili wa marehemu si rehani. Ninajua kwamba mkiwa pale msibani, huku kaburi limeshachimbwa, hoja za sheria hazisikiki. Kwa hiyo mtafuteni mapema mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili, aandike ahadi ya deni mbele ya mashahidi, mazishi yaendelee.

Mume wangu amefariki. Baada ya arobaini shemeji wanataka nichague mmoja wao anirithi. Nikikataa nitafukuzwa?

Mama, pole sana. Nitalijibu hili kwa urefu, maana ndilo linalokuja kwa machozi kuliko yote.

Kwanza, kuhusu mwili wako. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa kinasema kwamba bila kujali mila yoyote, mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anakotaka, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume anayemchagua mwenyewe. Hata Tangazo la Sheria za Mila la 1963, ambalo wazee wengi hulitaja bila kulisoma, linataka mjane aulizwe kama anakubali kuwa mke wa ndugu wa marehemu. Kwa hiyo wanaokuambia huna ruhusa ya kukataa hawatetei hata mila yenyewe.

Kurithi mjane hakukuanza kwa ubaya. Mwanamke aliyebaki na watoto wadogo enzi hizo alihitaji mtu wa kulima naye, wa kulinda boma na wa kusimama naye barazani. Shida ni kwamba leo ulezi umeachwa, kitanda kimebaki. Halafu kuna UKIMWI. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini kilikuwa asilimia 4.4. Njombe kilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Mwanamume anapofariki baada ya kuugua muda mrefu na hakuna anayesema aliugua nini, kumrithi mke wake bila kupima ni kuhatarisha nyumba mbili au tatu kwa pamoja. Nimewahi kusikia wazee wenyewe wakilisema hili kikaoni kwa uchungu, na ndiyo maana katika koo nyingi siku hizi mjane anakabidhiwa mlezi wa kushauriana naye tu, au anaachiwa alelewe na wanawe wakubwa. Huo ni uamuzi wa ukoo wenyewe, na hakuna mtu wa serikali aliyewasimamia.

Pili, kuhusu mali. Hapa sheria inasuasua, na sitakuficha. Kanuni za urithi za 1963, zinazohusu makabila yanayofuata ukoo wa baba katika wilaya zilizozipokea, zinamnyima mjane fungu endapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo, na matunzo yake zinayaacha mikononi mwa watoto wake. Wajane wawili wa Kitanzania walizipinga kanuni hizo mahakamani hapa nchini, wakakwama. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikasema Tanzania imekiuka haki zao.

Lakini usikate tamaa, kwa sababu kanuni hizo hazimhusu kila marehemu. Mahakama hutazama namna alivyoishi. Kama alikuwa Mwislamu anayefuata dini yake, sheria ya Kiislamu inaweza kutumika. Kama maisha yake yanaonyesha aliachana na mila, inaweza kutumika ile sheria ya mirathi ya 1865 tuliyoirithi kutoka India, ambayo humpa mjane mwenye watoto theluthi moja. Na kabla ya kufika kwenye urithi, dai kwanza kilicho chako. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua katika shauri la talaka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa. Kuhusu shamba, kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kinaibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi kihalali.

Ukiwa bado na nguvu, fanya haya: weka cheti cha ndoa na vyeti vya watoto kwa mtu unayemwamini nje ya ukoo wa mume, usiweke kidole kwenye karatasi usiyosomewa, na uhudhurie kikao cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Mjane anaweza kuwa msimamizi. Watu wengi hawajui hilo, na kuna ndugu wanaopenda libaki halijulikani.

Sisi ni wanandoa na wote tuko hai. Tufanye nini ili haya yasitupate?

Andikeni wosia. Na hati ya hakimiliki ya kimila mkienda kuichukua kijijini, iandikwe majina yote mawili.

Mimi ni Mnyakyusa. Mke wangu haruhusiwi kuonana uso kwa uso na baba yangu. Je, huu ni ubaguzi?

Mwiko huu una mizizi mirefu. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, aliwakuta watu wakiishi katika vijiji vya marika. Vijana wa kiume walijitenga na baba zao wakajenga kijiji chao, na mwiko wa mkwe ulikwenda sambamba na utengano huo. Ulikuwa uzio wa heshima, ili kizazi cha baba na cha mwana visiingiliane katika mambo ya ndoa.

Mashamba yakapungua, vijiji vya marika vikafa, mwiko ukabaki. Leo mkwe na mkwe wanalala chini ya bati moja Uyole au Mbagala. Mwanamke anasikia kikohozi sebuleni, anatoka kupitia mlango wa jikoni. Kama pande zote wanauona kuwa heshima, sioni sababu ya mtu wa nje kuwavunjia. Ila baba akipooza, mwanaye yuko safarini na aliyepo nyumbani ni mkamwana peke yake, mwiko haupaswi kumzuia kumpa maji. Hili msisubiri dharura ndipo mlijadili. Baba mwenyewe ndiye mwenye nafasi nzuri ya kulegeza, kwa hiyo mwombeni akiwa mzima, mbele ya familia, aseme kwa kinywa chake.

Misiba yetu inatufilisi. Kuchinja, kupika siku nyingi, kusafirisha mwili kutoka Dar. Ni lazima?

Si lazima, ila naelewa kwa nini mnaona ni lazima. Unyakyusa msiba ulikuwa ngoma, ng'ombe na mikuki, kijiji kizima kikimsindikiza mtu wake na kikiapa kwamba kifo hakijakishinda. Kuzikwa nyumbani, jirani na wazazi, bado kuna uzito mkubwa kwetu, na mimi mwenyewe nataka kurudishwa. Kinachohitaji kukatwa ni chakula. Mjane anabaki na deni la mchele na mafuta dukani, huku waliokula wameshapanda basi. Anzeni na jambo dogo: waliotoka mbali wale, majirani wakale kwao, na rambirambi ihesabiwe mbele ya mfiwa na akabidhiwe yeye.

Kijijini kwetu wameletwa lambalamba kutoa uchawi. Kila kaya imeambiwa ichange. Nikikataa wataniita mchawi. Nifanyeje?

Usichange, na usibaki peke yako.

Tusianze kwa kubishana kama uchawi upo au haupo, maana mabishano hayo hayajawahi kumwokoa bibi yeyote. Tutazame jinsi shughuli inavyokwenda. Wageni wanaitwa, mara nyingi baada ya vifo vilivyofuatana au ugomvi wa mashamba. Kaya zinatozwa. Watu wanapangwa mstari, wananyolewa, wanachanjwa, nyumba zinapekuliwa, pembe na vibuyu vinafukuliwa mbele ya umati. Mwishoni jina linatajwa, nalo ni nadra kuwa la mtu mwenye nguvu. Ni bibi anayeishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa kuni, au mzee aliyekataa kuuza kiwanja, au jirani ambaye kahawa yake imestawi kuliko ya wenzake. Wageni wanaondoka na pesa. Kijiji kinabaki na mtu ambaye watoto watamkimbia hadi afe.

Si jambo jipya. Mababu zetu walikuwa na mwavi: mtuhumiwa alinyweshwa sumu, akitapika hana hatia. Serikali za kikoloni ziliupiga marufuku. Miaka ya 1930 watu wa mchape, waliodai kuondoa uchawi, walitokea Nyasaland (Malawi ya leo) na kuenea nchi za jirani, na Ufipa walirudi tena kwa jina la kamchape miaka ya 1960. Kila wimbi liliahidi kwamba safari hii uchawi unakwisha kabisa. Kama wa kwanza wangeumaliza, wa pili wangekuja kufanya nini?

Sheria ya Uchawi tuliyonayo ni ya 1928, na inawabana pia wanaojidai kuwa na nguvu za kichawi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inataka waganga wasajiliwe, na mganga wa mitishamba mwenye usajili ni mtu tofauti kabisa na mpiga ramli. Januari 2015 serikali ilitangaza kuzuia ramli, kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Mwaka huohuo, mkoani Rukwa, mtoto mwenye ualbino alikatwa kiganja. Mwanzoni mwa 2019 Njombe ililia watoto wake waliouawa, serikali ikayahusisha mauaji hayo na imani za kishirikina, na waganga kadhaa wakakamatwa. Wa umri wangu tunakumbuka pia hofu ya wachuna ngozi Mbeya, mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuingia 2000, tulipokatazwa kutembea baada ya magharibi. Mambo haya yana shina moja na lambalamba. Ni mtu mmoja anayelipwa ili amwambie mwingine kwamba shida yake, au utajiri wake, umefichwa ndani ya mwili wa jirani.

Kwa hiyo: kusanyeni kaya tatu au nne zinazokataa, mwende pamoja kwa mtendaji wa kijiji mkaulize mchango huu umepitishwa na mkutano upi na risiti iko wapi. Kama mtendaji ndiye aliyewaita, nendeni kwa mtendaji wa kata, mkuu wa wilaya au polisi. Aliyepigwa au kuchanjwa kwa nguvu achukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, siku hiyohiyo, kabla majeraha hayajapona. Na jioni ya siku aliyotajwa bibi yule, nendeni mkakae naye. Wanaotaka kuchoma nyumba husita wakikuta watu wa heshima wamekaa uani.

Binti wa miaka kumi na tano anaozwa na wazazi wamekubali. Hiyo si ruhusa ya sheria?

Sheria ya Ndoa, kama ilivyoandikwa 1971, iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na wa 14 kwa idhini ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Kama binti ni mwanafunzi hakuna mjadala: marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yameweka kifungo cha hadi miaka 30. Pigeni 116, ni namba ya bure ya kusaidia watoto, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Babu zetu Wahehe na Wabena hawakutahiri. Kampeni ya tohara si kutuvua uhehe wetu?

Nimelisikia hili vilabuni na majumbani, na halistahili kubezwa. Kwa jamii zinazotahiri jandoni, kisu huja na mafunzo, nyimbo na jina jipya. Kwetu kililetwa na wahudumu wa afya, bila chochote kati ya hivyo. Lakini sababu yake ni ya kweli. Majaribio makubwa yaliyofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda, matokeo yake yakatoka kati ya 2005 na 2007, yalionyesha kwamba tohara inapunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Mikoa yetu ilikuwa na maambukizi mengi na tohara chache, ndiyo maana kampeni ilianzia huku. Haimkingi mtu kabisa, kwa hiyo kondomu inabaki palepale. Uhehe wa mtu uko kwenye namna anavyosalimia wakubwa, anavyolima na anavyosimamia neno lake. Huo haukatwi hospitali. Ila kijana mkubwa aamue mwenyewe, asikamatwe kwa nguvu na wajomba.

Ulanzi ni chakula chetu. Kuna ubaya gani mtoto kuonja?

Ulanzi ni pombe ya mianzi. Mtogwa, yaani ulanzi uliogemwa asubuhi na bado mtamu, nao una kilevi kidogo, na kadiri jua linavyopanda unazidi kuchacha mpaka kuwa mkali. Mama anayelima mbali humnywesha mtoto alale. Mtoto analala kweli, lakini amelala bila kula, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Wakati wa masika, mianzi inapotoa kwa wingi, walimu huwaona darasani watoto wanaosinzia. Watu wazima wanywe kwenye mgowe baada ya kulima shamba la mwenzao, na wagema wapate pesa zao. Mtoto apewe uji.

Kumtoa mtoto aende mjini kwa shangazi kusaidia kazi si undugu?

Ulikuwa undugu pale mtoto alipokwenda kwa shangazi wa kweli, akapelekwa shule na kurudi likizo. Leo "shangazi" ni dalali anayepita vijijini Iringa na Njombe kutafuta dada wa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na aliyetimiza umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomkosesha shule. Mzazi, kabla hujakubali, pata jina kamili, mtaa na simu ya nyumba anayokwenda, na umsikie mwanao mwenyewe akizungumza akiwa huko, angalau mara moja kwa wiki. Wakikuambia simu imeharibika wiki mbili mfululizo, panda basi.

Watu hututania Wahehe kwamba tunakula mbwa na tunajinyonga. Ni utani tu?

Utani wa makabila ni hazina. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani wanaozikana. La mbwa lipokeeni mkitaka, mjibu kwa lenu.

La kujinyonga naomba liachwe. Watu hulifungamanisha na Mkwawa, aliyejipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Kijana aliyelemewa na deni au mapenzi hayumo katika vita ile. Anapokua akisikia kwamba hasira za Mhehe huishia kwenye kamba, amefundishwa njia. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na kwa sababu hiyo familia huficha badala ya kutafuta tiba. Mtu akisema amechoka kuishi, msimtanie, msimwache peke yake, ondoeni kamba na sumu za shambani karibu yake, mpelekeni hospitali siku hiyo.

Tambiko ni dhambi?

Wamoraviani na Walutheri wa Berlin walipofika Rungwe mwaka 1891, walikuta watu wakitambika katika msitu wa Lubaga kwa Lwembe, mfalme wao wa matambiko, na ubishi wa dini na mababu unaendelea tangu wakati huo. Swali la dhambi mpelekeeni mchungaji au shehe wenu. Langu ni moja: asilazimishwe mtu kuhudhuria, na asifukuzwe kwenye ukoo aliyehudhuria. Misitu ya matambiko imetuhifadhia chemchemi na miti ambayo tungeshaichoma mkaa, na kwa hilo nawashukuru wazee.

Nikikataa mila, wazee wananiambia nitapatwa na laana. Naogopa kweli.

Sikucheki. Wazee wa Kinyakyusa waliamini kwamba manung'uniko ya watu waliokosewa yanaweza kumletea mtu ugonjwa, na ukiishi miongoni mwa watu wanaonong'ona, unaumwa kweli. Usikatae kwa matusi wala kwa kutoroka. Omba kikao, uende na mtu mzima wa upande wa mama yako, ukiri heshima uliyonayo kwao, kisha utaje jambo moja unalolikataa na jambo unaloweza kulifanya badala yake: kuchangia matunzo ya watoto wa marehemu, kwa mfano, badala ya kurithiwa. Wazee wengi wanachoogopa ni kudharauliwa, na wakiona hudharau hulegeza. Wakikubali, omba waseme hadharani kwamba hawana kinyongo, maana neno hilo ndilo litakalokuwezesha kulala. Kikao kiandikwe muhtasari, wote watie saini, na nakala moja ubaki nayo wewe.